Peremende za Jumatatu na Alhamisi

Ng'ambo, Unguja
16 Februari 2025

Mcha,

Mama amepoteza vidole vitatu vya mguu wa kulia, Jumatano tarehe 12 Februari, saa nne na nusu asubuhi. Kilichobaki ni kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Nimeliandika hili mwanzo kabisa ili usije ukasoma salamu, ukaikunja barua, ukasema utaimalizia kesho.

Sasa salamu. Assalaam alaykum. Sisi wengine hatujambo, alhamdulillahi. Jiko langu la halua linakwenda. Mwaka 2009 nilianza na sufuria moja ya kuazima, leo nna masufuria matatu ya shaba na wapishi wanne, na hakuna aliyenishika mkono. Sijisifu. Nataka ujue tu kwamba nnapozungumza habari za sukari, nazungumza ninachokijua.

Simu yako haiitiki. Ujumbe wangu una alama moja tangu Disemba. Ndiyo maana barua hii nampa Abdulrazak, anayekuja huko London kufuata vipuri vyake vya gari.

Mama ana maradhi ya sukari mwaka wa tisa huu. Chai yake haina sukari, wali wake naupima kwa kikombe, na ingawa nyumba nzima inanukia iliki, sijamuona akitia hata kipande cha halua mdomoni. Kwa hiyo daktari aliponiuliza, "Bibi huyu anakula nini?" nilimjibu kwa majivuno. Akanitazama kama anayemtazama mwongo. Nikarudi nyumbani nikafungua kasha la Mama. Chini ya kanga zake nimekuta makopo ya peremende. Ya kwako, Mcha. Yale ya duka la makumbusho unakofanya kazi, yenye picha ya kidimbwi na maua juu ya kifuniko, na kila peremende imepigwa chapa ya picha yake.

Nimeyahesabu. Kumi na manne matupu, yameoshwa na kupanguswa. La kumi na tano lina peremende ishirini na nne. Kila kopo limeandikwa arubaini na nane. Maana yake zimeliwa 696.

"Za wageni," aliniambia.

Wageni gani wale peremende 696 nisiwaone mie mwenye nyumba?

Lakini kuna kitu kinanikera. Kopo la kwanza lilikuja mwisho wa Septemba 2022. Nimezigawa kwa siku, haifiki hata moja kwa siku. Mtu mwenye uchu hali namna hiyo. Hesabu inakataa, na mie hesabu ikinikataa silali.

Usitume tena hayo makopo. Na mpigie simu mama yako.

Dada yako,
Bashira

*

London
20 Februari 2025

Da Bashira, shikamoo.

Natumai barua hii itawakuta nyote wazima, Mama na wapishi wako na mtaa mzima. Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imekaza. Nimesikia Abdulrazak yuko njiani kuja. Barua hii na kopo moja la Mama naviacha kwa rafiki, ampe akirudi huko, awahi navyo Ramadhani.

Mwambie Mama hili limefungwa vizuri zaidi. Asitazame kifuniko tu, azitazame peremende moja moja. Ipo ya daraja la bustanini, ipo ya mwanamke mwenye mwavuli, na ipo ile ya marundo ya majani makavu shambani. Waliochora picha hizi walikuwa Wafaransa wa zamani. Ukiisogelea picha yenyewe ukutani unaona madoa tu, rangi juu ya rangi, unasema huyu alikuwa akipangusia brashi. Ukirudi nyuma hatua kumi, maji yanakuwa maji na maua yanakuwa maua. Wageni huku wanasimama mbele yake nusu saa nzima, halafu wanashuka dukani kununua peremende. Mtu hawezi kununua picha, basi ananunua utamu wake.

Nakumbuka Mama ana sukari. Ni za kuweka kabatini, na za watoto wa jirani.

Simu yangu ilianguka, ikitengenezwa nitapiga. Kuhusu safari, mwambie Inshaallah karibuni. Mambo yanakaa sawa.

Mdogo wako,
Mcha

*

Ng'ambo
11 Aprili 2025

Mcha,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Idi imekwenda salama, tumekukosa. Barua yako na kopo la kumi na sita zimefika tarehe tatu ya Ramadhani. Yako na yangu zimepishana njiani. Kwa hiyo wewe ulikuwa ukiniandikia habari za mwavuli, na mama yako kitandani hana vidole. Sikulaumu kwa hilo, hukujua. Nakulaumu kwa yanayofuata.

Hesabu imekubali. Sikiliza.

Jumatatu iliyopita sikwenda jikoni, wapishi walikuwa bado na mapumziko ya Idi. Saa tatu namuona Mama kakaa, mkate haujaguswa, kidonge kiko juu ya kisosi.

"Mama, kula basi unywe dawa."

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Nshakula, Bashira. Kwani mie mtoto?"

Mchana vile vile. Alasiri midomo imemkauka, mikono inamtetema. Nikamtazama tu. Adhana ya magharibi ilipolia akafungua pindo la kanga, akatoa peremende tatu, akatia moja mdomoni.

"Hicho nini, Mama?"

"Futari."

Mcha, mama yako anafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Anafuturu kwa peremende zako, tatu, witiri isiyogawika kwa mbili, kama tunavyofuturu kwa tende. Tatu mara mbili ni sita kwa wiki. Peremende 696 ni wiki 116. Ongeza wiki nane za Ramadhani mbili alizofuturu nasi sote kwa tende, unafika wiki ya mwisho ya Septemba 2022. Ndiyo wiki tuliyotoka kumzika Baba, na wewe hukuja.

Nilimbana mpaka akasema. Ameweka nadhiri. Atafunga siku hizo mbili mpaka wewe urudi, au umwambie kwa mdomo wako kwamba hurudi. Maneno yake ni haya: "Akirudi nitashukuru. Akisema harudi, nitajua nna mtoto mmoja, nitapumzika. Hii karibuni-karibuni yake ndiyo inayonifunga."

Siku hizo mbili hanywi kidonge cha asubuhi. Mchana sukari inaanguka, magharibi inapanda kwa kishindo. Daktari ana daftari la vipimo, aliniambia sukari ya bibi huyu inacheza na hajui kwa nini. Mie sasa najua.

Nikamwambia, "Lakini Ramadhani hii hukufunga, ulisema wewe mgonjwa." Akanijibu, "Ramadhani Mungu mwenyewe kanisamehe, kasema mgonjwa ale. Hii nimejifunga mwenyewe, nani atanifungua?"

Picha zako anazipenda. Yale marundo ya majani anasema ni karafuu zimeanikwa. Na macho yake yameshaharibika, maradhi hayo hayo, anaiweka peremende karibu na jicho anasema, "Huyu mzungu aliona kama nnavyoona mie. Madoa." Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Jengine. Mie nauza kitu cha kuliwa, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni muhuri wa tarehe. Makopo kumi na sita, miaka miwili na nusu, yote chini yake yana namba ile ile ya mzigo na yote mwisho wa kutumika ni Machi 2024. Duka gani hilo la makumbusho lisiloshusha mzigo mpya miaka miwili na nusu? Sikuulizi. Nakwambia tu nimeona.

Piga simu. Zungumza na Mama. Urudi au usirudi, lakini sema.

Bashira

*

London
2 Juni 2025

Da Bashira, shikamoo.

Barua zako mbili nimezipata pamoja, siku moja. Abdulrazak alikuwa nazo mfukoni, ya kwanza tangu Februari, tulikuwa tunapishana.

Habari ya vidole vya Mama nimeipata. Nimekaa na barua nikaisoma mara nyingi. Wallahi sikujua. Mimi nilidhani zimo kabatini.

Tafadhali mwambie aache kufunga. Mwambie kwa niaba yangu. Mwambie mimi mzima, kazi inakwenda, na nikipata nafasi Inshaallah nitakuja. Mpe pole nyingi. Msalimie na Sheikh wa msikiti wetu, labda yeye atamsikiliza.

Mvua huku haikatiki.

Mcha

*

Ng'ambo
20 Juni 2025

Mcha,

Salamu zako nimezipata na nimezifikisha. Mama anakujibu na anakuombea dua kila sala, kama ilivyo kawaida yake. Mvua zetu zimekwisha.

Umeandika mistari kumi na tatu. Juu ya muhuri wa tarehe hukuandika hata mmoja.

Sheikh amekuja. Alikaa naye saa nzima, akamfafanulia kwa upole kuwa mgonjwa asiyeweza kutimiza nadhiri ana njia ya kafara, awalishe maskini yaishe. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamtolea kahawa. Alipotoka, akaniambia, "Sheikh amesoma sana. Lakini Mcha hakumzaa yeye."

Nimejaribu na njia nyengine, na naona haya kukuandikia. Nilimwambia, "Mama, Mcha ameandika. Amesema harudi."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Kwa barua."

"Nisomee."

Nikaishika karatasi yako mbele ya macho yake yasiyoona. Ningeweza kusema lolote. Nikashindwa kusoma kisichoandikwa. Akasubiri, akasubiri, kisha akaninyang'anya karatasi, akaikunja na kuitia kifuani. "Ukiwa mdogo ulikuwa ukiongopa vizuri zaidi," alisema.

Peremende nilizificha. Akafuturu kwa maji matupu, akaanguka uwani. Nikamrudishia. Unaona tulipofika? Mie, Bashira, mpika halua wa Ng'ambo, nampimia mgonjwa wa sukari peremende tatu kwa mkono wangu kwa sababu bila ya hizo ni mbaya zaidi.

Donda limefunguka upya. Kidole gumba kimekuwa cheusi.

Bashira

*

London
19 Julai 2025

Da Bashira,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Umeuliza, ingawa unasema huulizi. Mimi sifanyi kazi makumbusho. Nilikuwa dukani kwao, nikipanga makopo na kufunga zawadi, kwa mkataba wa maonyesho. Maonyesho yalifungwa tarehe 18 Septemba 2022 na sisi wa mkataba tukaambiwa ahsanteni. Bidhaa zilizobaki zilikuwa na chapa ya maonyesho yale, hawawezi kuziuza tena, basi kila mmoja akapewa katoni la makopo ishirini na manne. Watu walikuwa wakicheka, wakipiga picha. Mimi nilibeba katoni langu mabegani mpaka chumbani. Siku nne baadaye Baba akafariki.

Kibali changu kilifungamana na kazi. Kazi ilipokwisha, kibali kikafuata. Faili langu liko kwa wakili tangu mwaka uliofuata. Nikitoka siruhusiwi kurudi, na nikibaki sijui nabakia nini. Nafanya kazi pale nnapopata. Namba ya simu nimebadilisha mara tatu.

Kopo la kwanza nililituma pamoja na rambirambi kwa sababu sikuwa na kitu chengine mkononi. Baadaye nikaona, maadamu Mama anapata kopo la makumbusho, basi kwake mimi bado niko makumbusho. Nikawa natuma moja moja, nikiyahesabu. Yamebaki manane. Nilikuwa nikijiambia yakimalizika nitasema kweli.

Nimesema yangu, na wewe una yako. Siku ya tatu ya msiba nilipiga simu. Ulipokea wewe. Nilianza kukueleza, na wewe ukasema, watu wote wakisikia, "Kama hukuja kwa Baba, basi usije tena." Ukakata. Hukuwahi kulitaja jambo hilo katika barua yoyote. Mimi sijasahau hata sauti ya kiti ulichokisukuma ukiinuka.

Unaniambia nimpigie Mama niseme nakuja au siji. Nikisema nakuja, naongopa. Nikisema siji, nitakuwa nimemuua mama yangu kwa neno moja. Sijui, Da Bashira. Hilo ndilo jibu langu la kweli. Sijui.

Mcha

*

Ng'ambo
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Mcha, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Wapishi wangu wanakusalimia, na Bi Nadhira wa nyumba ya pili, aliyekuogesha ulipokuwa mtoto, amevunja nyonga lakini anaendelea vizuri. Mama anakusalimia.

Nilisema. Siku ya tatu ya msiba, mbele ya watu, nilisema usije tena. Nilikuwa nimemuosha Baba miguu wiki nzima hospitali peke yangu, nikasimamia mazishi peke yangu, na wewe ukapiga simu siku ya tatu ukaanza na "unajua, Da Bashira". Nikakata. Hilo nimelibeba, na nitalijibia siku yangu ikifika. Lakini Mama alikuwa chumba cha pili. Sikuwahi kumuuliza kama alisikia, na sitamuuliza. Wewe piga hesabu mwenyewe: msiba ulikuwa wiki ile, na nadhiri ni ya wiki ile ile.

Habari za kazi yako nimezisoma na sikumsomea Mama. Pole, Mcha. Naiandika pole hii mara moja tu kwa sababu nikiiandika tena nitashindwa kuandika yaliyobaki.

Donda limeingia mfupani. Watamkata chini ya goti. Daktari ameweka Jumatano tarehe 10 Septemba, lakini ametia sharti: sukari itulie siku tisa mfululizo kabla, hampasui mtu ambaye sukari yake inapanda na kushuka. Siku tisa zinaanza Jumatatu tarehe mosi. Ndani yake mna Jumatatu mbili na Alhamisi moja. Akifunga hata moja katika hizo, tarehe imepita, na tarehe nyengine ni baada ya wiki sita. Nilimuuliza daktari wiki sita ni nyingi? Alishusha kichwa akaandika kitu kwenye faili.

Nimemuomba Mama kwa magoti. Nimemwambia, "Funga baadaye, lipa baadaye." Amenishika kichwa kama mtoto, akasema, "Bashira, mie sikukataa kukatwa. Wakate. Nasubiri mwanangu aseme tu." Ndiyo hali yetu. Mie nnayejua kumtuliza mpishi aliyeungua, mteja aliyekasirika, sufuria linalotaka kumwagika, kwa bibi huyu mmoja wa kilo arubaini na tatu sina mkono wa kumshika.

Unasema ukimwambia huji utakuwa umemuua. Mcha, wewe unatazama ukiwa karibu sana. Neno lako la "karibuni" limemla vidole vitatu, na hicho cha nne kinaondoka na mguu. Sikutaki uchague la kumfurahisha. La kumfurahisha halipo tena. Ukimwambia huji atalia, najua, nitakuwa hapo nimemshika. Asubuhi ya Jumatatu atakunywa chai na kidonge chake. Ukimwambia unaondoka huko moja kwa moja, kwa kibali au bila kibali, uje uuze halua nami, pia asubuhi ya Jumatatu atakunywa chai, kwa sababu atakuwa ameshakuona njiani. Sijui ni lipi la kweli kwako. Kuamua ni kwako wewe, na mie siwezi kukuamulia kama nisivyoweza kukulia chakula.

"Sijui" usimwambie. "Sijui" ni Alhamisi nyengine.

Barua hii anaondoka nayo Abdulrazak kesho Jumamosi. Nimemwapisha aitie mkononi mwako, si kwa rafiki wala mlangoni, na asiondoke mpaka uisome mbele yake. Hukuniandikia namba yako mpya, na sikuombi. Namba ya Mama haijabadilika tangu Baba amnunulie simu ile ya vitufe. Jumapili tarehe 31 Agosti nitamkalisha uwani baada ya alasiri, simu mapajani. Magharibi yetu ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kwenu itakuwa saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Baada ya hapo atatia nia ya Jumatatu, na akishatia nia hakuna anayemtoa.

Kwa hiyo nataka neno moja, kwa mdomo wako, kwenye sikio la mama yako, kabla ya adhana ya magharibi ya Unguja, Jumapili tarehe 31: unakuja, au huji?

Bashira